Jedwali Moja Tu

Saa nane usiku, Mbale. Jenereta ya chama
inakohoa nyuma ya ghala la kahawa,
nami natazama majedwali arobaini na moja
yakitiririka kwenda Kampala,
ila moja.

Lile la mizani.
Limesimama tangu Jumanne,
wakati mtu (sisemi nani, ni mimi)
alipoongeza safu mpya ya unyevu wa punje
huku chanzoni, akasahau kuiambia nakala.
Nakala haikulalamika. Ndivyo ilivyo nakala:
isipoelewa, hunyamaza,
na ukimya wake una taa ya kijani
sawasawa na uzima.

Aliyegundua si mashine.
Ni Mama Nambozo wa Bulucheke,
aliyeshuka mlimani na daftari la shule
ndani ya mfuko wa chumvi.
"Daftari langu linasema kilo mia na kumi na mbili.
Simu yenu inanilipa sitini na nne.
Nani kati yao alikuwepo
nilipolitua gunia?"
Sikuwa na jibu. Nilimpa kiti,
naye akakataa kuondoka.

Ssebbowa akapiga simu kutoka makao makuu:
"Futa kila kitu, mimina upya."
Rahisi kusema ukiwa Kampala,
ambako mkonga ni mnene.
Wetu ni uzi tu; mvua ikigusa Wanale, unakatika.
Kumimina yote ni siku nne,
siku nne bila mkopo, bila mbolea,
bila jina la mtu kupatikana dirishani.
Na hayo arobaini yamekosa nini?
Jino moja likiuma, hung'oi taya.

Basi nikalitoa lile moja mkondoni, polepole,
kama unavyomtoa mtoto mmoja kwenye foleni ya chanjo
bila kuwaamsha waliolala migongoni.
Nikaweka alama: hapa, sekunde hii.
Kila badiliko litakalofika baada yake
lingoje barazani.
Halafu nikaifuta nakala ya mizani.

Sifuri.

Kwa dakika ile Kampala haikujua
kwamba mlimani kuna mtu aliyewahi kuvuna.
Chanzo kilikuwepo, mzima, najua,
lakini woga hausomi miongozo.
Nikageuka kumtazama Mama Nambozo:
amelala kitini, daftari kifuani,
mikono yote miwili juu yake.

Nikaanza kunakili, mistari elfu kumi kwa mkupuo.
Sironko wakapita. Budadiri wakapita.
Saa kumi na moja mtandao ukakatika
nikatukana kwa Lumasaaba, lugha inayofaa.
Uliporudi, kazi iliendelea pale pale ilipoachia,
haikuuliza nilikuwa nimesema nini.
Ndipo nikafungua mlango wa baraza,
na mabadiliko yaliyongoja yakaingia kwa zamu,
lililotangulia likitangulia,
hakuna kusukumana.

Kisha kuhesabu.
Huku: laki tatu, elfu kumi na nane, mia nne na sita.
Kule: mia nne na tano.

Mmoja.
Nilimtafuta hadi jogoo wa mlinzi akachoka.
Alikuwa ameangukia juu ya alama yenyewe,
si kabla, si baada,
mguu ndani, mguu nje.
Kilo tatu. Kilo tatu tu za Wamimbi fulani,
nisiyemjua, asiyejua kwamba alipotea.
Nikamwingiza kwa mkono.

Kumekucha. Mama Nambozo akafuta macho kwa pindo la gomesi,
nikamgeuzia kioo asome mwenyewe:
mia na kumi na moja na nusu.
Akafungua daftari. Akasoma. Akasoma tena.
"Na nusu yangu?"
Nikamwambia hivyo ndivyo chanzo kinavyosema, mama,
sasa huku na kule ni kitu kimoja.
"Huku na kule," akasema,
akagonga daftari kwa ukucha wenye udongo.
"Na hapa?"